Tangu anipose, ananiachia nimfunge bao

Shangazi shikamoo,

Naomba kwanza usicheke. Nimemsimulia rafiki yangu hili jambo akacheka mpaka akashika ukuta, akaniambia wenzio wanamwandikia shangazi wamepigwa, wametelekezwa na watoto, wewe unalia umeachiwa bao. Nikajiuliza labda kweli ni ujinga, lakini wiki ya tatu hii silali vizuri, ndo maana nimeandika.

Mi nina miaka 29, nauza duka la dawa hapa Magomeni, kwetu Pangani. Nimelelewa na babu mzaa mama, na babu hakuwa na mjukuu wa kiume karibu kwa hiyo bao akanifundisha mimi. Tulianza na bao la kujifunza, lile la kuweka kete mbili mbili kila shimo, mashimo 32 kete 64, nikiwa darasa la pili sijui la tatu. Nilivyofika darasa la sita akaniambia hayo ya watoto sasa basi, akaniwekea la Kiswahili lenyewe, kete sita kwenye nyumba, lile shimo kubwa la mstari wa mbele, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi za kuingiza moja moja, na akanifunga mfululizo kama mwaka mzima bila huruma. Bibi anamwambia mwachie mtoto hata moja jamani, babu anajibu nikimwachia atajuaje kama kashinda. Shangazi hilo neno la babu lishike, ndo linalonitesa mpaka leo.

Nilipokuja Dar sikucheza miaka mingi. Mwanamke unaenda kukaa kijiweni na nani? Lakini njia yangu ya kutoka kazini kwenda kituo cha mwendokasi inapita kwenye kijiwe kimoja cha kahawa, kuna wazee, bodaboda, mafundi mafundi, na bao limewekwa juu ya kreti ya soda. Nilikuwa napita taratibu, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kumbe naangalia kete. Sasa siku moja, sijui nilikuwaje siku hiyo, kuna kaka anatengeneza friji pale jirani alikuwa anacheza, kete yake ya mwisho imeingia kwenye nyumba, anawaza asimame au aisafirishe, yaani azichote kete zote za nyumba aendelee kuzigawa, mdomo ukanitoka. Nikasema usisafiri, inaenda kulala pale kwenye kichwa, yaani kete ya mwisho itaishia kwenye shimo tupu la mwisho wa mstari na zamu yake imeisha. Kijiwe kizima kikageuka. Bodaboda mmoja akasema mama huyo daktari sasa. Kaka akaniangalia, akacheka, akasafirisha nyumba yake. Ikaenda ikalala palepale nilipomwambia, mwenzake akala akamaliza.

Hakukasirika. Alichofanya alisogea kwenye benchi akasema, "Dada dawa, kaa."

Nilimfunga la kwanza kwa sababu alinidharau. La pili na la tatu akanifunga yeye, tena la tatu mkononi, bado nina kete tano sijazinamua. Kwa asiyejua, kufungwa mkononi maana yake mstari wako wa mbele umeisha hata hujamaliza kuingiza kete zako, ni kama kufungwa kabla hujaanza, watu wanakuzomea mpaka unafika kituoni. Nilienda nyumbani nina hasira, nimenyeshewa na mvua, na nina furaha ambayo sijawahi kuisikia tangu babu afariki.

Basi ikawa hivyo karibu miaka miwili. Jioni nikifunga duka napita, mabao matatu, kahawa, kashata, naondoka. Sikuwa na habari kama ana mke au hana, na wala sikuuliza. Tulikuwa tunaongea bao tu. Lakini Shangazi ukicheza na mtu bao kila siku unamjua bana. Nilijua huyu hana haraka, hageuzi mkono akishaachia kete, akifungwa hapindui kete kwa hasira kama wengine, anakaa anahesabu kurudi nyuma mpaka apate pale alipokosea na anakuonyesha. Kuna watu wamenitumia meseji za mapenzi mwaka mzima siwajui nusu ya nilivyomjua yule. Na maneno ya kijiweni mwanzoni yalikuwepo, kuna mzee alikuwa anasema bao sio la wanawake, wenzake wakamjibu mbona Mwalimu Nyerere rais mzima alikuwa anacheza na watu wa kawaida, sijui hiyo ilijibuje swali lakini mzee akanyamaza, na baadaye ndo akawa wa kwanza kunisogezea kiti.

Halafu baba yake akapata kiharusi, akaenda Kilwa Kivinje kumuuguza, akakaa huko miezi miwili na kidogo.

Wiki ya kwanza nilipita kijiweni nikacheza na wengine, haikunoga. Wiki ya pili nikapita bila kusimama. Wiki ya tatu akanipigia, namba alipewa na muuza kahawa, akaniuliza, "Dada dawa, bao unalo hapo?" Sina. Akasema tengeneza. Nikachukua trei mbili za mayai, zile za karatasi, nikazikata na kuziunga mpaka nikapata mistari minne ya mashimo manane, nikahesabu maharage 64 ya mama mdogo kwenye ungo, tukacheza kwa simu. Mi nasema nanamua la tatu, nakula, naanzia kichwa cha kushoto, na yeye kule anasogeza. Tena sio yeye, alikuwa anasogeza baba yake! Waliambiwa hospitali mzee aufanyishe mazoezi ule mkono uliolegea, wakaona badala ya kubana mpira basi ashike kete. Kwa hiyo nilikuwa nasikia kwenye simu zile kete zinavyodondoka moja, kimya, moja, kimya, mara nyingine ikianguka chini mzee analalamika. Bao moja lilikuwa linakula saa nzima na bando la usiku lote linaisha. Siku moja nimekula nyumba ya mwanawe nasikia mzee anasema, maneno yanatoka kwa shida, "Huyu bibie amefundishwa na nani?"

Mapenzi yalianzia hapo na hata siwezi kukuonyesha siku. Najua tu kuna usiku mmoja bao liliisha, nimefungwa, mzee ameshalala, tukasema haya usiku mwema, na hakuna aliyekata simu. Tukakaa. Nasikia anapumua na nasikia majogoo ya huko kwao. Baadaye akasema, "Mi nadhani huku sijamiss bao peke yake." Nikamwambia najua. Ndo ilikuwa hivyo, hakuna maua wala nini.

Aliporudi mambo yakaenda haraka. Akaja na mshenga, barua ikapokelewa, kishika uchumba kimetolewa, mama mdogo anaimba siku nzima. Mahari bado haijatajwa, tunamsubiri baba mdogo atoke Pangani. Nikah tunatarajia baada ya Idd.

Sasa tatizo. Tangu barua ipokelewe, yapata miezi miwili, sijafungwa hata bao moja.

Mwanzoni nilijua nimepanda kiwango, nikajivuna. Halafu Jumapili moja tuko barazani kwa mama mdogo nikamwona kwa macho yangu. Ilikuwa zamu yake, ana njia mbili za kula. Njia moja anakula kete mbili za kwenye kimbi, kule pembeni mwa mstari, ambazo hazimsaidii chochote. Njia ya pili anakula nyumba yangu, ina kete kumi na moja, iko wazi, hata mtoto angeiona. Mkono wake ulienda juu ya nyumba, nimeuona, ukasimama, ukarudi, akachukua zile mbili. Zamu tatu mbele nikamfunga mkononi, na kete saba bado anazo. Yeye! Akatabasamu akasema umenishika leo. Mi nikatabasamu pia. Nikaenda jikoni nikajifanya naangalia chai nikalia.

Kingine ameniomba nisiwe napita tena kijiweni, anasema sasa hivi mi mchumba wa mtu tuwe tunachezea nyumbani, hilo sina shida nalo sana.

Rafiki yangu anasema ndo mapenzi hayo, mwanaume anakubembeleza, wewe pokea. Lakini mi naona kama yule kaka wa kwenye benchi amekufa nimeletewa ndugu yake. Nawaza huyu akiwa mume wangu atakuwa anasema wali mtamu wakati umeungua, atasema hana tatizo wakati analo, na mi nitajuaje? Babu alisema nikimwachia atajuaje. Shangazi, nimwambie au ninyamaze? Au kweli nimechanganyikiwa na raha?

Mcheza Bao, Magomeni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Sijacheka. Haya nimecheka, pale kwenye trei za mayai, lakini ni kicheko cha kupendezwa.

Kwanza tuondoe hilo la kuchanganyikiwa. Mi bao silijui, nalionaga tu watu wamelizunguka kama msiba. Kwa hiyo nikamwita jirani yangu, mzee mmoja wa Kiunguja anayeshinda kwenye bao mpaka mkewe anamtumia mtoto na chakula, nikamsomea kile kipande cha kete mbili na nyumba ya kumi na moja, sikumwambia ni habari ya nani. Akaniuliza, "Aliyekula zile mbili ni mtoto?" Nikamwambia mtu mzima, na ni fundi. Akasema basi hakucheza huyo, kaachia, na alivyosema kaachia uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeambiwa kuna mtu anakojoa msikitini. Kwa hiyo macho yako yako sawa. Na rafiki yako asikubabaishe na habari za waliopigwa, maumivu hayapangwi foleni kwamba mpaka wa mbele yako ahudumiwe ndo na wewe uruhusiwe kuumia.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuniuliza. Barua yako ni ndefu, na karibu nusu yake ni kete. Katikati hapo umechomeka mstari mmoja kwamba amekuomba usipite tena kijiweni, "hilo sina shida nalo sana." Mi nilisoma barua yote nikarudi pale. Hiyo "sana" mwanangu imekaa kama mtu aliyekalia msumari mbele ya wageni. Kama usingekuwa na shida nalo usingeliandika kabisa.

Yaweke haya mawili pamoja uyaangalie. Kijiweni hataki uje, barazani hataki akufunge. Kijiweni kuna watu na wewe unaweza kumfunga mbele yao. Barazani mko wenyewe na yeye anaweza kukufunga wewe. Sasa bao lenu lenyewe limebaki wapi? Naona ni jambo moja hilo limegawanyika mara mbili. Kuna mtu amemwambia kitu. Vijiwe navifahamu, kaka zangu wote wamelelewa huko, mwanaume akishatangaza kwamba anamuoa yule anayemfunga hawamwachi, kila akija wanamuuliza leo umeombaje ruhusa, nani anavaa suruali, na kadhalika, maneno ya kipuuzi lakini mtu akimwagiwa kila jioni mwisho yanaloa. Au sio kijiwe, ni mjomba wake kamkalisha chini akampa ule wosia wa mume ni wa kuongoza na mke ni wa kudekezwa, yeye akaubeba wote kama ulivyo bila kuuliza huyu mke wangu anadeka kwa kitu gani. Au anaogopa tu. Amekaa miezi anamtazama baba yake mkono haunyanyuki, amerudi, amepata kitu kizuri, anakishika kama yai. Sijui ni ipi kati ya hizo, na wewe hujui, na ndo kosa lenyewe la kwenye hii habari, kwamba hujui kwa sababu hujauliza.

Hapa utanisamehe nikukaripie kidogo. Ulimwona anaachia. Ulijua. Akasema umenishika leo, na wewe ukatabasamu ukaenda kulia jikoni. Sasa na wewe si umemwachia? Yeye kakuachia nyumba, wewe umemwachia uongo upite, mmelingana. Unaogopa mume atakayesema wali mtamu na umeungua, wakati wewe mwenyewe umeshamtabasamia wali ulioungua. Babu yako angekuona pale jikoni angekuuliza maswali magumu kuliko mimi.

Ila nisiwe mkali upande mmoja, maana kuachia nako kuna kwake. Mi na marehemu mume wangu tulikuwa watu wa karata. Ndo zilizotukutanisha, nyumbani kwa dada yake, nilikwenda kusuka nikakuta wanacheza wamepungukiwa mtu wa nne. Alikuwa hanionei huruma hata kidogo, miaka yote ya ndoa, nina mimba ananifunga, nimetoka kujifungua ananifunga. Isipokuwa wiki niliyomzika mama yangu. Usiku tumekaa, tunacheza ili tu mikono ifanye kitu, nikaona ana turufu, kaificha chini ya goti, pembe yake inaonekana. Nikashinda. Kesho yake nikashinda tena. Sikusema kitu na yeye hakusema kitu, ilikuwa ni namna yake ya kunishika mkono. Wiki ya pili yake akanifunga sita mfululizo na akaimba, na mi nikajua msiba umeisha, nimerudishwa kwa watu. Kwa hiyo kuachiwa nakujua. Kuna kuachiwa kwa siku za majonzi, huko mtu anapokea tu. Wewe huna msiba, una harusi.

Basi cha kufanya. Usivunje kitu, usimtume mshenga, usimwambie mama mdogo maana ataacha kuimba na mtaa mzima utataka kujua, na tafadhali usimwandikie meseji, mambo ya bao yazungumzwe kwenye bao. Jumapili akija weka bao kama kawaida, weka chai, kaa. Cheza vizuri kadri unavyoweza. Subiri afanye tena ule mchezo wake, na ataufanya. Mkono ukishapita juu ya nyumba na kurudi, weka wako kwenye ubao umzuie, mwambie, "Hiyo umeniachia. Rudisha, kula nyumba." Najua wachezaji hamrudishi mkono, jirani yangu kanisisitizia hilo kwa nguvu, lakini bao moja tu mtasamehewa. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, wanawake wa kwetu tukishasema neno moja tunalifuatisha na kumi ya kulilainisha, wewe usilainishe. Mwache akae nalo. Mtu anayehesabu kurudi nyuma mpaka apate pale alipokosea, huyo ukimpa dakika tano za kimya atafika mwenyewe. Hiyo sifa umeniandikia wewe, sijaizua mimi.

Akisema, msikilize mpaka mwisho kabla hujaingia la kijiwe. Ukiingia la kijiwe muulize nani kasema nini. Asikwambie "watu." Watu gani, yule mzee aliyekuwa anakusogezea kiti? Huenda mkakubaliana kitu cha katikati, mnapita wote wawili, au siku mbili kwa wiki, au umeamua mwenyewe kwamba kijiwe umekichoka, yote ni sawa ilimradi umekaa kwenye maamuzi hayo na sio kuletewa yameshaiva. Lakini akikwambia mke wa mtu hakai pale, basi, hakuna mjadala, hapo mwanangu usilie jikoni, kaa usikie vizuri, maana hapo anakwambia ndoa yake itakuwaje na amekwambia kabla mahari haijatajwa, ni heri kulisikia leo. Sisemi umkatae. Nasema usiseme "sina shida nalo sana" mbele ya kadhi.

Na kwa kuwa umegusia mahari. Mahari ni haki yako wewe, si ya baba mdogo wala ya mama mdogo, na wewe ndo unayetaja unataka nini. Wasichana siku hizi wanataja kitanda, friji (la friji kwako naona limeshajitatua), dhahabu, msahafu. Mi ningekuwa wewe ningetaja hayo yote ninayoyataka halafu mwisho kabisa ningeweka bao la mninga, jipya, lililochongwa vizuri, na kete zake 64 za komwe. Baba mdogo atashangaa, mwache ashangae. Likishatajwa mbele ya wazee wa pande zote mbili na yeye akalileta kwa mikono yake, hakuna mtu kijiweni atakayeuliza nani kamruhusu nani. Na kama kuna mzee atasema bao ni mambo ya kupoteza wakati, muulizeni kwa adabu yeye jioni anashinda wapi.

Kuhusu kwamba yule kaka wa kwenye benchi amekufa, hajafa. Mtu aliyekupigia simu kutoka kwa mgonjwa akakwambia tengeneza, hapotei kwa miezi miwili. Ila amevaa koti la mchumba ambalo kapewa na wengine na linambana, na wewe umevaa la kwako, mmekaa hapo barazani mnatabasamiana kama mnapigwa picha. Urafiki wenu ndo uliozaa haya mapenzi, sasa mapenzi yamekuja na adabu nyingi mno yanataka kumtoa mwenyeji wake.

Wasiwasi wako wa mwisho, kwamba hutajua lini anasema kweli. Utajua. Ulijua kwa mkono uliosimama sekunde moja juu ya shimo. Mwanamke mwenye macho hayo tatizo lake sio kutojua.

Mkishamalizana, nendeni Kilwa mkamsalimie mzee kabla ya Idd, ni adabu na pia ni akili. Beba zile trei na maharage yako. Ukae wewe na mkweo mtarajiwa, mwanawe akae pembeni aangalie, na mkono wa mzee kama umepata nguvu kidogo basi jiandae, maana huyo kutoka ninavyomsikia hana mpango wa kumwachia mtu.